Programu Isisafiri Bila Orodha Yake
Tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, lugha ya kompyuta iitwayo Python ina chombo cha venv, kinachoipa kila kazi chumba chake. Chumba hicho huanza kitupu: vifurushi vilivyowekwa kwingineko katika kompyuta havionekani humo. Hivyo programu iliyotengenezwa Tengeru yaweza kugoma ifikapo Olasiti, na mwanafunzi akadhani kwamba yeye ndiye mjinga. Kosa ni la aliyeituma bila orodha ya vifurushi. Amri ya pip freeze huiandika orodha hiyo. Pip download huvikusanya vifurushi, vikapelekwa kwa flashi pasipo na intaneti. Katika maabara, jaribio lisilotaja vifaa vyake halikubaliwi. Yafaa walimu waidai orodha hiyo kabla ya kusahihisha programu yoyote.