Kambi Ikishajengwa, Ujirani Una Masharti Yake

Ndugu zangu wa Nanyuki, Doldol na Archers Post,

Nawaandikia kutoka Wiltshire, kusini mwa Uingereza, pembezoni mwa Salisbury Plain, uwanja ambao jeshi la Uingereza linautumia sana kwa mafunzo nchini mwake. Jeshi hili ndilo linalokuja kwenu Laikipia na Samburu kupitia Batuk, kikosi chake cha mafunzo nchini Kenya. Majirani zake wa huku hutendewa tofauti na nyinyi, na nataka muijue tofauti hiyo ili mjue la kudai.

Huku, siku ya kufyatua risasi na mizinga, bendera nyekundu hupandishwa kuzunguka eneo la hatari. Ratiba hutangazwa mapema, kwa tarehe na saa, ili kila mtu ajue lini asikanyage wapi. Anayetembeza mbwa akiikuta bendera juu, hugeuka. Ikishushwa, njia ni yake.

Vikosi vya Uingereza vilipokuwa vikirudishwa kutoka Ujerumani, mpango wa kuwaleta hapa wanajeshi wapatao 4,000 na familia zao uliwekwa mbele ya wananchi miaka kadhaa kabla hawajafika. Wakazi walitoa maoni, na nyumba zaidi ya 900 zilihitaji kibali cha halmashauri. Shule na barabara zilikuwemo kwenye mazungumzo tangu mwanzo.

Hata huku watu wameumia. Mwaka 1943 wakazi wa kijiji cha Imber waliambiwa wahame kabla ya Krismasi kupisha mafunzo ya vita. Wengi waliamini wangerudi vita vikiisha, lakini hawakuwa na ahadi ya maandishi mkononi. Mpaka leo kijiji hakina mkazi, na wageni huruhusiwa kuliona kanisa lake siku chache tu kwa mwaka. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwetu Kenya hasara imekuwa ya damu. Wafugaji wa Doldol na Archers Post wameuawa na kulemazwa na mabomu yaliyoachwa malishoni bila kulipuka. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa watu 233 pauni milioni 4.5, lakini mguu uliokatika haulipiki. Machi 2021 moto ulizuka katika hifadhi ya Lolldaiga, Laikipia, wakati wa mazoezi ya jeshi hilo, ukateketeza maelfu ya ekari. Na Agnes Wanjiru, mama wa mtoto mchanga, aliuawa Nanyuki mwaka 2012. Uchunguzi wa mahakama uliomalizika 2019 ulisema aliuawa na mwanajeshi mmoja au wawili wa Uingereza.

Najua pia kwamba kambi ni riziki. Tangu Nyati Barracks, kambi ya Batuk mjini Nanyuki, ifunguliwe mwaka 2021, wapo madereva, wapishi, mafundi na wenye maduka wanaosomesha watoto kwa pesa yake. Simwambii mtu aache kazi. Ninachosema ni kwamba mshahara wa mmoja haulipii uhai wa mwingine, na wala hakuna sheria inayotulazimisha kuchagua kati ya hivyo viwili.

Dai la kwanza liwe ratiba: itangazwe mapema redioni na kwenye mabaraza ya machifu, kwa Kiswahili, Kimaasai na Kisamburu, ili mchungaji ajue wapi asipeleke mbuzi. La pili liwe usafi: kila zoezi likiisha uwanja ukaguliwe, na wazee wapewe ripoti iliyotiwa saini. La tatu liwe haki: mwanajeshi anayetuhumiwa kuua au kubaka raia wetu ashtakiwe mbele ya jaji au hakimu wa Kenya, na familia ya marehemu iwe imeketi mahakamani ikisikia.

Mkataba wa ulinzi kati ya Kenya na Uingereza uliotiwa saini mwaka 2021 uliwekewa muda wa miaka mitano. Kila unapojadiliwa upya ndipo pa kusemea, na Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe. Andikeni madai yenu, mtie saini, mbaki na nakala, kisha mumkabidhi mbunge wenu. Sisi tulioko huku tuna wabunge wetu pia, na tutawapelekea madai hayo hayo, neno kwa neno.

Ndugu yenu,
Wiltshire, Uingereza