KADI YA CHANJO ISIYO NA SINDANO: UTAINGIA MAKKA KWA UONGO?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu wa Mbalizi, Mbeya mjini, Tunduma, Iringa na popote mnaponisoma, leo maneno ni marefu kidogo. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujaandika chochote hapo chini.

Juzi baada ya swala ya Isha nilipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa kijana mmoja wa hapa kwetu. Ameniruhusu niusimulie bila kumtaja. Alisema hivi: "Shekhe, baba alikuwa anaweka pesa ya Hijja tangu nikiwa shule ya msingi. Alilima viazi, akauza, akaweka. Mwaka 2020 pasi za kusafiria zilikuwa tayari, zake na za mama, safari ikafungwa. Mwaka uliofuata baba akafariki. Sasa nimejikamua, namtanguliza mama na mimi ni mahram wake. Mama anaogopa sindano ya uti wa mgongo, amesikia maneno mengi. Kuna mtu ameniambia atatupatia kadi mbili zilizogongwa muhuri, hakuna kuchomwa. Hela yake ni ndogo tu. Je, kuna ubaya? Si nia ni ibada?"

Nilisikiliza mara tatu. Sikumjibu usiku ule, kwa sababu swali hili si lake peke yake. Madereva wetu wa malori wanaovuka Tunduma wanaijua habari ya kadi ya homa ya manjano. Wapo wenye kadi safi na wapo wenye kadi ya mfukoni mwa mtu. Tumeshazoea. Na mtu akishazoea jambo barabarani, siku moja atalibeba mpaka mbele ya Al-Kaaba.

KWANZA, TUKUMBUKE TULIKOTOKA

Tarehe 27 Februari 2020 Saudi Arabia ilisimamisha wageni kuingia kwa ajili ya Umra. Hijja ya mwaka ule ikafanywa na watu wachache sana waliokuwa tayari ndani ya nchi ile. Mwaka 2021 wakaruhusiwa watu 60,000, wote wakazi wa humo humo, waliochanjwa, wenye umri wa miaka 18 hadi 65. Mwaka 2022 mlango ukafunguliwa kwa watu milioni moja kutoka ndani na nje, lakini kwa masharti: chanjo ya Uviko, kipimo cha ndani ya saa 72 kwa anayetoka nje, na umri wa chini ya miaka 65. Kikomo cha umri kiliondolewa mwaka 2023.

Sasa mtazame mama wa kijana huyu. Mwaka 2020, kumefungwa. Mwaka 2021, wa nje hawatakiwi. Mwaka 2022, yeye ana miaka 66. Mwaka 2023, pesa ilishaliwa na matibabu ya marehemu na mazishi. Mama huyu amesubiri kwa uchungu. Simlaumu akichoka.

Na tuseme haki, maana Muislamu husema haki hata kama haimpendezi mtu. Masharti yale hayakumbana kila mtu sawa. Siku ya Arafa ya mwaka 2021 iliangukia tarehe 19 Julai. Hapa kwetu dozi za kwanza, zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson, zilifika tarehe 24 Julai, na Rais Samia akazindua uchanjaji tarehe 28 Julai. Kwa hiyo hata kama wageni wangeruhusiwa mwaka ule, Mtanzania wa Mbalizi angeambiwa alete cheti cha chanjo ambayo nchini kwake ilikuwa bado haijaanza kutolewa. Nchi tajiri zilijaza maghala, sisi tukasubiri. Huo ni ukweli na tuna haki ya kuusema.

Lakini sikiliza vizuri: kudhulumiwa hakukupi ruhusa ya kusema uongo.

PILI, HUDAYBIYA

Mwaka wa 6 Hijria Mtume (s.a.w) alitoka Madina na masahaba wapatao 1,400 kwenda kufanya Umra. Walikuwa katika ihramu, wana wanyama wa kuchinja, hawakuja kupigana. Makuraishi wakawazuia Hudaybiya, karibu kabisa na Makka. Dhuluma ile ilikuwa wazi. Wenye kuzuia walikuwa washirikina, na nyumba ni ya Allah.

Mtume (s.a.w) alifanya nini? Hakuwaambia masahaba wajigawe usiku waingie kwa njia za panya. Hakumwambia mtu ajifanye wa kabila jingine. Alifunga mkataba, akachinja, akanyoa, akarudi Madina. Masahaba walijawa na uchungu. Mwaka uliofuata wakaingia Makka mchana kweupe.

Ndugu yangu, ikiwa mbele ya washirikina waliomdhulumu hakuingia kwa hila, wewe utaingia kwa hila mbele ya Waislamu wenzako waliokuomba uchanjwe ili usiwaambukize wageni wengine wa Allah? Viza ni mkataba. Umepewa kwa sharti na umelikubali sharti. Sura ya Al-Maida inaanza kwa kuamrisha walioamini watimize mikataba. Haikusema mikataba ya biashara tu.

TATU, HOJA NINAZOZISIKIA MSIKITINI

Ya kwanza: "Shekhe, ajali na maradhi ni kadari. Aliyeandikiwa kufa atakufa."

Jibu lake lilishatolewa na Umar bin Khattab (r.a). Alikuwa njiani kwenda Sham, akafika mahali panapoitwa Sargh, akaambiwa kuna tauni mbele. Akataka ushauri, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a), mtu mwema kuliko mimi na wewe, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Allah kuelekea kadari ya Allah. Akampa mfano wa mchungaji mwenye ngamia na bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mwingine ni mkavu: popote atakapowalisha ni kwa kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Awf (r.a) na hadithi ya Mtume (s.a.w): ukisikia tauni iko katika nchi usiingie, na ikikukuta ndani yake usitoke kwa kuikimbia. Haya yamo katika Bukhari na Muslim. Watu wa huku tunaofuga ng'ombe tunaelewa pia hadithi nyingine, kwamba mwenye wanyama wagonjwa asiwachanganye na wazima.

Ya pili: "Barakoa na ihramu haviendi pamoja."

Hili ni swali la fiqhi na lina majibu. Kwa mwanamume, katika madhehebu yetu ya Shafi'i kilichokatazwa kufunikwa ni kichwa. Wahanafi na Wamaliki wanakataza na uso. Mwanamke amekatazwa niqabu na glovu, kwa hiyo kwake barakoa ina mjadala mkubwa zaidi. Ila hakuna mwanachuoni aliyesema dharura haina mlango. Hapo hapo Hudaybiya, Ka'b bin Ujra (r.a) alisumbuliwa na chawa kichwani mpaka wakamdondokea usoni. Mtume (s.a.w) akamruhusu anyoe akiwa ndani ya ihramu, akampa fidia: kufunga siku tatu, au kulisha maskini sita, au kuchinja kondoo. Umeona dini ilivyo? Haikumwambia avumilie chawa ili ibada ikamilike. Ukitakiwa kuvaa barakoa, vaa, kisha muulize mwanachuoni unayemwamini kama inakupasa fidia. Jambo linalolipika kwa siku tatu za funga lisikufanye ugombane na askari wa Haram.

Ya tatu: "Hizi sindano ni hila za wazungu."

Hapa nikiri kosa langu. Mwaka 2021, kwenye darsa, niliwahi kufanya mzaha kuhusu chanjo. Watu wakacheka, nami nikafurahi kuchekesha. Baadaye mzee mmoja akaniambia: "Shekhe, ulinicheka mimi. Nilikuwa nimetoka kuchanjwa asubuhi." Niliona aibu. Nimemuomba msamaha yule mzee, na leo nawaomba nanyi mliokuwapo. Mimbari si mahali pa kutoa dawa wala pa kuzikataza. Nikiumwa jino siendi kwa mwalimu wa tajwidi.

NNE, KWA NINI UTI WA MGONGO?

Wengi hawajui kwamba sharti hili ni la zamani kuliko Uviko. Mwaka 1987 homa ya uti wa mgongo ililipuka baada ya Hijja, na tangu hapo mahujaji wakatakiwa kuchanjwa. Mwaka 2000 na 2001 ikaja tena kwa aina nyingine ya kijidudu, ambayo chanjo iliyotumika sana wakati ule haikuizuia. Ndipo ikawekwa chanjo ya aina nne: A, C, W na Y.

Na hili ndilo nililotaka kijana wangu alisikie: mwaka 2000 walioumwa hawakuwa mahujaji peke yao. Waliumwa pia watu wa nyumbani kwao, katika nchi za mbali kama Uingereza na Ufaransa, na wapo waliokufa. Mtu anarudi mzima, amebeba kijidudu kooni bila kujua, anapokewa kwa furaha. Hebu fikiria Hajjat wetu anashuka Mbalizi, baridi kali, wote tumejifungia ndani, wajukuu wanagombania kumkumbatia na kugawiwa tende na maji ya Zamzam. Kadi ya kununua haimlindi mjukuu. Muhuri hauzuii kikohozi.

TANO, WENYE MELI ZA STAREHE

Mwezi Februari 2020 meli moja kubwa ya kitalii, Diamond Princess, ilizuiwa bandarini Yokohama, Japani. Ndani yake walikuwamo watu 3,711. Zaidi ya 700 waliambukizwa. Watu wamekusanyika, wanakula pamoja, wanalala karibu karibu, wanavuta hewa moja. Meli zile ziliporudi baharini, kampuni nyingi ziliweka sharti la chanjo, na watalii wakachanjwa, wakavaa barakoa, wakapanda.

Wale walikuwa wanakwenda kuogelea na kula. Walikubali sindano kwa ajili ya starehe ya wiki moja. Wewe unakwenda Mina, mahema kwa maelfu, watu wa kila taifa, wazee wenye kisukari na presha, unakwenda kuomba ufutiwe dhambi za maisha yako yote. Na unataka kuanza na muhuri bandia? Mtalii awe mkweli kwa ajili ya bwawa la kuogelea, na haji awe mwongo kwa ajili ya Arafa?

SITA, JIBU LANGU KWA KIJANA

Mwanangu, usinunue kadi hiyo. Ni uongo wa maandishi, ni kuvunja mkataba, na ni kuhatarisha nafsi za watu. Anayekuuzia anakula haramu, nawe unamlisha. Utaniuliza kama Hijja itasihi. Nguzo zikitimia na masharti yakitimia, wanachuoni wengi wataona faradhi imeanguka, ila dhambi iko shingoni. Lakini baba yako hakuuza viazi miaka yote ile ili mama yako apate Hijja ya kuponea chupuchupu. Alitaka Hijja iliyokubaliwa. Wallahu a'lam.

Fanya hivi. Mpeleke mama hospitali ya serikali, akae na daktari au muuguzi, aulize kila anachokiogopa. Usimburuze, na usimcheke kama nilivyocheka mimi. Umwambie daktari magonjwa yake na dawa anazokunywa. Ulizia kwa mganga mkuu wa wilaya wapi chanjo hiyo inatolewa, na usingoje wiki ya mwisho, kwa sababu inatakiwa iwe imechomwa siku zisizopungua 10 kabla ya kufika. Kadi andikiwa papo hapo, jina lifanane na la pasi.

Na kama daktari atasema mwili wake hauwezi, au akikataa mwenyewe kabisa, basi mama yako hana dhambi. Hijja ni kwa mwenye uwezo wa kuiendea njia yake, na njia ikifungwa kwa uzuri ni kama ilivyofungwa Hudaybiya. Allah anajua miaka yote aliyosubiri. Wewe usimpunguzie ujira wa subira hiyo kwa kadi ya elfu kadhaa.

Nanyi wenye vikundi vya kusafirisha mahujaji: waambieni watu masharti yote siku ya kuchukua pesa, siyo siku ya kwenda uwanja wa ndege. Mtu aliyeambiwa amechelewa ndiye anayeshawishika kununua kadi bandia.

Ujumbe wa sauti wa pili ulikuja leo asubuhi, kabla sijamaliza kuandika. Ni sauti ya mama mwenyewe. Amesema: "Shekhe, mwanangu ameniambia nimekuogopesha. Kama ile sindano ni kwa ajili ya wajukuu, basi Jumatatu nitaenda. Niombee mkono usiniume sana."

Tumuombee. Ya Allah, mfikishe mama huyu kwenye nyumba yako kwa ukweli na umrudishe salama. Msamehe mumewe aliyeondoka akiwa na nia. Na utuepushe sisi tunaozungumza sana na kibri cha ndimi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.
Ndugu yenu, Mbalizi, Mbeya.

Msomee mzazi wako anayejiandaa na safari. Hana haja ya kujua nani kaandika.