Git Ndiyo Shida, Si Wewe

Wacha niseme kitu ambacho watu wa kompyuta hapa Kisumu wanasema kwa kunong'ona: Git imeundwa vibaya. Nguvu iko, sibishi. Shida ni kuitumia.

Chukua `git checkout`. Kwa miaka mingi kamandi hiyo moja ilikuhamisha tawi, na hiyo hiyo ukiipa jina la faili, inafuta mabadiliko yako bila hata kukuuliza. Ni kama kumwambia konda wa Kondele "shukisha", leo anakushukisha wewe, kesho anatupa mzigo wako. Ukilia, unaambiwa ungesoma maelezo. Basi mbona mwaka wa 2019 watengenezaji wa Git wenyewe walileta `git switch` na `git restore` kugawanya hiyo kazi? Si walijua!

Na usiniambie hakukuwa na njia ingine. Mercurial ilizaliwa Aprili 2005, mwezi mmoja na Git, na chanzo ni kile kile: watu wa Linux walikuwa wamenyimwa BitKeeper ya bure. Kwa Mercurial, faili ikishajulikana, unabadilisha, unaandika `hg commit`, imeingia. Hakuna chumba cha kungojea cha `git add` ambacho kila mgeni anaelezwa mara tatu na bado haelewi. Eti kinakusaidia kupanga kazi yako vizuri. Sawa, kiwe cha anayekitaka.

Git ilishinda juu ya GitHub, kwa sababu kila mtu yuko huko. Hata Bitbucket, iliyoanza na Mercurial, iliitupa 2020. Ni kama WhatsApp tu, nani aliingia kwa sababu ni nzuri?

Kinachoniuma zaidi ni `git clone`. Ikikatika katikati haiendelei ilipoachia, inaanza mwanzo. Uko Nyalenda na data ya mia bob, umefika asilimia 80, stima inapotea, wifi inakufa. Kwisha. Hapo hata Mercurial haikuokoi. Weka `--depth 1`, inakuletea toleo la mwisho bila historia yote. Hilo lingekuwa somo la kwanza kwa kila darasa la koding kando ya ziwa hili, lakini wapi, unaanzishiwa na nadharia ya matawi.

Na wewe mjuaji unayecheka dogo aliyefuta folda nzima ndio aanze upya: mwonyeshe `git reflog`, alafu unyamaze.