Gari la Vita Lirudishiwe Rangi Yake

Wenzangu mwaka huu wameandika kuhusu nidhamu, simu na michezo. Mimi nimeamua kuandika kuhusu rangi. Tena si rangi ya kucha wala ya kuta za darasa letu (hiyo ina siku yake), bali rangi ya magari ya kijeshi ya zamani. Najua wapo watakaocheka. Chekeni, lakini someni.

Mjomba wangu ni fundi wa kunyoosha bodi na kupiga magari rangi. Gereji yake ni ya jua kali, mabati juu na udongo chini. Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa kutwa, nikitoka shuleni jioni mimi hupitia huko nikamsaidie. Likizo ya mwezi wa nne lilivutwa pale Land Rover moja kuukuu la mwaka 1955. Mwenyewe ni mzee mmoja mwenye pesa zake, aliyelinunua shambani mwa watu ambako kuku walikuwa wamelifanya kiota. Karatasi zake zilionyesha kwamba kabla ya kuuzwa kwa mnada lilikuwa gari la jeshi la Waingereza. Mzee alitaka lifufuliwe, liwe linakodishwa kwa harusi na maonyesho.

Mjomba alinipa msasa na ndoo ya maji nianzie mlangoni. Alinikataza kabisa kupiga msasa mkavu, kwa sababu rangi nyingi za kale zilitiwa risasi na vumbi lake ni sumu. Nilikwangua. Kwanza ikatoka nyeupe, kisha samawati, kisha kijivu, na chini kabisa, kumbe! kijani kizito kinachokaribia weusi, chenye kung'aa kidogo kama jani la mparachichi baada ya mvua. Baada ya hapo ni aluminiamu tupu, maana Land Rover zilipoanza kuundwa mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza kwa sababu ya vita vilivyokuwa vimekwisha. Nilisimama pale na msasa wangu nikahisi kama nimefunua kaburi.

Siku ya tatu mzee akaja. Akasema ati kijani hicho kitolewe. Yeye anataka "rangi ya jeshi kama ya sinema," mabakamabaka, halafu nyota kubwa nyeupe mlangoni. Mjomba akanyamaza. Baadaye akaniambia, "Mpwa wangu, mwenye pesa ndiye mwenye gari." Mimi nami tangu siku hiyo sijanyamaza, na ndiyo sababu mnasoma makala haya.

Wacha nianze na ile nyota. Nyota nyeupe ilikuwa alama ya magari ya Marekani katika Vita Vikuu vya Pili, na baadaye ikapakwa pia kwenye magari ya wenzao waliovamia Ufaransa mwaka 1944. Kuibandika kwenye Land Rover la Waingereza la mwaka 1955 ni kama kumvika mwalimu mkuu sare ya shule jirani. Atapendeza, lakini huyo si yeye.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba rangi ya gari la vita ni kama tarehe iliyoandikwa. Mwaka 1942 Waingereza walipungukiwa na unga wa kutengenezea rangi ya kijani, basi wakapaka magari yao hudhurungi. Mwaka 1944 wakarudi kwenye kijani, lakini cha namna nyingine, kilichofanana na zeituni. Wajerumani nao walianza vita na kijivu cheusi, na mnamo Februari 1943 wakageukia manjano yaliyofifia. Kwa hiyo ukiona gari limepakwa hudhurungi ile, unaambiwa mwaka na unaambiwa pia kwamba dukani mlikuwa na uhaba. Ukipaka rangi yoyote ile kwa sababu imekupendeza, umefuta hayo yote.

Wenzangu wa darasani nilipowaeleza wakasema, "Aah, rangi ni rangi, nani atajua?" Basi wasikilize kisa hiki. Mwaka 1940 na 1941, kule Misri na Libya, vifaru vya Waingereza vilipakwa michirizi mipana ya mshazari yenye rangi tatu. Rangi moja iliitwa kijivu cha fedha. Vita vilipokwisha, watu wakasahau ilivyokuwa hasa. Mmoja akaipaka samawati, mwingine akamwiga, wachoraji wa vitabu wakafuata, na hata vifaru vya makumbusho vikapakwa samawati kama anga la asubuhi. Watoto walionunua vifaru vya kubandika kwa gundi nao wakapaka samawati. Miaka ikapita hivyo mpaka wachunguzi waliporudi kwenye maandishi na vipande vya rangi vya wakati ule wakaona ilikuwa kijivu chenye ukijani. Nani alijua? Hakuna aliyejua, na hapo ndipo ubaya ulipo. Uongo ulirudiwa hadi ukawa ushahidi.

Sasa utauliza, ukweli utapatikana wapi baada ya miaka sabini? Si kwenye picha. Filamu nyingi za kale za nyeusi na nyeupe zilionyesha nyekundu kama nyeusi, na picha za rangi hupauka zikikaa. Mjomba alinionyesha pa kutazama: nyuma ya dashibodi, chini ya boksi la kiti, chini ya vichwa vya bolti ambako jua halikufika. Tulipofungua ubao wa saa za gari tukakuta kijani kile kingali kizima kama kilipakwa jana. Alikilinganisha na kadi za rangi akasema ni namba 224 katika orodha ya Kiingereza ya BS 381C. Namba hiyo ukimpelekea mchanganya rangi leo, atakuchanganyia. Huko Ulaya na Marekani wafufuaji wa Jeep wanatafuta hadi bolti zenye herufi F, kwa sababu kampuni ya Ford iliziandika hivyo kwenye Jeep ilizounda. Hapo mimi naona wanazidisha kidogo. Bolti ni bolti. Lakini rangi inaonekana na kila mtu.

Sitaficha kwamba kuna hoja moja iliyonitikisa, na haikutoka kwa mzee wala kwa wenzangu. Ilitoka kwa nyanya.

Nyanya alizaliwa Murang'a mwaka 1946. Nilipomwambia kuhusu gari lile alinyamaza, halafu akaniuliza ni la rangi gani. Mwaka 1955, wakati wa Hali ya Hatari, gari la namna hiyo liliingia uani kwao alfajiri, likamchukua baba yake. Alirudi mwaka 1959 akiwa hawezi kunyoosha mkono wa kushoto. Nyanya akaniambia kwamba hata leo akiona kijani kile barabarani hutazama kwanza njia ya kukimbilia. Sasa, mimi niliyekuwa nikipiga domo juu ya ukweli wa rangi, nikakosa la kusema. Je, tulirudishe gari katika rangi iliyomtisha bibi wa watu?

Nimelifikiria sana. Kwa maoni yangu, lirudishwe, na sababu ni yeye huyo nyanya. Tukilipaka mabaka ya sinema na nyota, bibi harusi akapanda, watu wakapiga vigelegele, tutakuwa tumesema gari hili lilitoka kwenye mchezo wa kuigiza. Nyanya hakuogopeshwa na mchezo. Aliogopeshwa na kitu chenye namba na rangi, na kitu hicho kingalipo.

Mjomba alipaka kipande cha bati ile namba 224, nikampelekea nyanya nyumbani nikiwa nimekifunga kwa gazeti. Nilimwomba kwanza kama yuko tayari kukiona. Alikishika, akakipeleka mlangoni penye mwanga, akakigeuzageuza.

"Ndiyo hii," akasema. "Lakini lilikuwa na vumbi. Halikung'aa hivi." Kisha akanirudishia. "Mwambieni huyo mzee alipake hivyo. Lakini la harusi, asilete kwetu."

Tumempelekea mzee ujumbe huo. Hadi ninapoandika hajajibu, na gari lingali gereji, limepakwa praima ya kijivu pekee.