Acha mteja aombe mwenyewe

Pita kwenye mabanda ya wajasiriamali pale Sabasaba, Barabara ya Kilwa, uulize bei ya batiki. Mara nyingi mama atakutajia shilingi 25,000 na, kabla hujafungua mdomo, ataongeza: "Lakini tutaelewana." Hujaomba punguzo, yeye keshalitoa. Woga wa mwanamke mfanyabiashara unajificha hapo, kwenye bei, na semina za kuhamasishana hazifiki huko. Mama huyohuyo kwenye kikoba chake ndiye mshika ufunguo mmoja wa sanduku la akiba lenye kufuli tatu, na wenzake wanalala usingizi. Fedha za kundi zima hazimtishi. Jasho lake mwenyewe ndilo linalomtia kigugumizi. Sababu moja iko kwenye daftari: kitambaa, rangi, nta na mkaa ameandika, ila saa za kuchovya na kuanika hajaziandika, hivyo akibanwa hana pa kusimamia. Nyingine ni malezi ya kuambiwa mwanamke asionekane ana tamaa. Sheria haikumsahau: halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Hata kwenye mikopo hiyo woga unamfuata: wapo wanaoomba nusu ya wanachohitaji, wasionekane wamezidisha. Dada yangu, andika na saa zako, taja bei, kisha nyamaza. Mteja naye ana mdomo.