Akili ikivunjika, tufanye kama vile muguu ukivunjika



Muchimbaji akivunjika muguu mu mugodi, sisi wote tunajua njia: ambulansi, hopitali, karatasi ya munganga, konje. Lakini kama akili njo inavunjika, anaanza kusikia sauti zenye wengine hawasikie, hapate usingizi siku tatu, anasema shefu anataka kumuua, pale tunatafuta muloji mbele ya kutafuta munganga. Jamaa wanamupeleka ku chumba cha maombi, wanamufunga munyororo, wanamunyima chakula. Ku kazi wanaandika: ametoroka. Mushahara unaisha, muke na watoto wanabaki na njaa.

Sisi wa sendika tunasema: basi, inatosha.

Kwanza, sheria. Sheria ya kazi ya inchi yetu, ya mwaka 2002, inalazimisha kompani kutunza mufanya kazi pamoja na jamaa yake wakigonjwa: munganga, dawa, hopitali. Haikuandika "isipokuwa ugonjwa wa akili". Tena mutu akigonjwa, kontra yake inasimama tu, haikufe. Kompani haina ruhusa ya kuikata sababu ya ugonjwa mbele miezi 6 yenye kufuatana ipite. Kwa hiyo, muke ao ndugu asichelewe: apeleke karatasi ya munganga kwa delege, naye delege aifikishe ku direksio na kubakia na kopi. Bila ile karatasi, mugonjwa anaonekana mutoro.

Pili, matunzo. Hapa Lubumbashi kuko hopitali ya magonjwa ya akili, Joseph Guislain, ya Wafurere wa Charité. Lakini dawa hizi haziko za juma moja. Wengi wakipata nafuu wanaziacha, na ugonjwa unarudi na nguvu, sawa vile kwa mutu wa sukari. Kwa mwenye kusahau vidonge, kuko sindano ya kila mwezi. Tunaomba zile dawa ziwe mu dispansere ya kompani, mugonjwa asitafute feza ya safari kila mara. Na akirudi ku kazi, asiwekwe zamu ya usiku: kukosa usingizi kunaweza kuamsha ugonjwa.

Wengine watasema: "Munataka tuache kuomba?" Hapana. Muombe, na dawa anywe. Yule mutu wa Wagerasi, watu njo walimufunga minyororo. Yesu alimuponyesha, akamurudisha nyumbani kwa jamaa yake. Munyororo si maombi.

Na ndugu zetu wachimbaji wa mikono, wenye hawana kontra? Koperative zinakata feza ku kila gunia. Zitenge kidogo kwa wagonjwa, na wa akili wahesabiwe ndani.

Wadelege, kila fasi mutaketi na direksio juu ya mapatano ya pamoja, muombe maneno haya yaandikwe wazi: ugonjwa wa akili unatunzwa kama ugonjwa mwingine wote. Musitie sainyi mbele hayajaandikwa.