Kinanda kilichofunguliwa: aliharibu ao alitengeneza?



Wote tunajua jambo lililotokea katika enterna wiki tatu zilizopita, kwa hiyo sitalieleza kwa marefu. Ndugu yetu mmoja wa mwaka wa nne alichukua kinanda kidogo cha plastiki, kile cha kufundishia watoto nyimbo siku ya Mungu, akakifungua kwa bisibisi. Kinanda kile kilikuwa kimenyamaza tangu mvua za mwaka jana. Aliondoa kutu mahali mawe ya redio yanapokaa, akakirudishia sauti. Lakini hakuishia hapo. Alitia nyaya mbili tatu ndani, na Jumamosi jioni akakipiga nyuma ya nyumba ya kulia. Kililia kwanza kama njiwa, halafu kama mashini ya kusaga mahindi iliyokosa mafuta, halafu kikaimba wimbo wake wa zamani polepole sana, kama mzee anayesema katika usingizi. Watu walicheka. Mmoja alisema: «Wee, hii kitu inalia sawa ng'ombe ya mgonjwa!» Na sisi wa Pepa, ng'ombe tunawajua.

Msimamizi akaja, akakichukua. Leo kinanda kiko katika kabati la prefe, na ndugu yetu anangoja neno la baraza la walimu kabla ya mwisho wa trimesta. Wengine wanasema atafukuzwa enterna kwa sababu ameharibu kitu cha watoto wa Kanisa. Swali langu ni hilo tu: je, aliharibu ao alitengeneza? Mimi nasema alikosa kwa jambo moja, na alifanya vizuri kwa jambo lingine, na tusiyachanganye.

Kwanza tuelewe alifanya nini. Ndani ya kinanda cha namna ile kuna kibao chembamba chenye njia ndogo za shaba. Umeme wa mawe ya redio unapita katika njia zile kama maji yanavyopita katika mifereji ya shamba. Katikati kuna kipande cheusi ambacho ndicho chenye nyimbo zote, na mara nyingi pembeni yake iko resistensi ndogo inayopima mwendo wake. Ukizidisha resistensi, mwendo unapungua na sauti inashuka. Ukiipunguza, sauti inapanda kama ya ndege. Tena, mtu akishika waya na kuunganisha njia mbili ambazo kiwanda hakikutaka zikutane, mara kinanda kinanyamaza, mara kinatoa sauti ambayo hakuna mtu aliyeiandika. Fundi anatia alama mahali pale, anatafuta tena. Akiisha kupata sauti anazopenda, analehemu swichi ndogo, ili aiite sauti ile wakati anaotaka. Resistensi ya mwendo anaiondoa na kuweka kifungo cha kuzungusha, kama kile cha kuongeza sauti ya redio. Basi kinanda cha watoto kimekuwa chombo kingine.

Kazi hii si wazimu wa mtu mmoja wa Pepa. Katika miaka ya 1960, huko Cincinnati nchini Marekani, kijana mmoja jina lake Reed Ghazala aliacha ampli ndogo ya mawe ya redio katika mtoto wa meza yake. Ilikuwa wazi mgongoni, na haikuzimwa. Ikagusa chuma, nyaya zikakutana, nayo ikaanza kulia sauti za ajabu. Kijana mwingine angeitupa. Yeye alijiuliza: ikiwa kosa la bahati linaweza kuleta sauti hizi, je, nikilifanya kwa kutaka? Alifanya kazi hiyo miaka mingi, mwaka 1992 akaipa jina lake ambalo maana yake ni kupinda njia za umeme, na mwaka 2005 akatoa kitabu cha kuwafundisha wengine. Siku hizi watu wa nchi nyingi wanatafuta vitu vya watoto vya zamani, kama Speak & Spell ya mwaka 1978 iliyofundisha watoto kuandika maneno ya Kiingereza, ao kinanda cha Casio SK-1 cha mwaka 1985 kinachoweza kushika sauti ya mtu na kuirudisha kwa noti. Wanavifungua, wanavipinda, wanapiga navyo muziki mbele ya watu.

Lakini mtu asifikiri kwamba mambo haya ni ya Wazungu na sisi tunaiga. Hapa kwetu Kongo yuko mzee aliyefanya jambo la ukoo mmoja na hilo, na dunia nzima ikamsikia. Ni Mingiedi Mawangu, aliyekuwa mpiga likembe, ile ambayo Waluba wanaiita kisanji. Yeye na wenzake walikuwa Kinshasa, na kikundi chao kiliitwa Konono N° 1. Likembe ni chombo cha sauti ndogo, kinafaa kijijini jioni watu wakikaa karibu na moto. Mjini Kinshasa, pamoja na motokaa na kelele za barabara, nani atakisikia? Pesa za kununua mikro hazikuwako. Basi walichukua sumaku za vyuma vya magari ya zamani, wakazizungushia waya wa shaba, wakafanya mikro zao wenyewe. Ngoma nyingine zilitoka katika vyuma vya gari. Sauti ilipopita katika vyombo hivyo haikutoka safi. Ilitoka ikikwaruza na kunguruma. Wao hawakuikataa. Waliishika, wakaijengea muziki juu yake.

Watu waliwarekodi mwaka 1978. Mwaka 2004 nyumba ya muziki ya Ubelgiji inayoitwa Crammed Discs ilitoa sahani yao, Congotronics, na kutoka hapo walialikwa Ulaya na Marekani. Mwaka 2011 wimbo wa Herbie Hancock na wengine, ambao Konono N° 1 walishiriki, ulipata zawadi ya Grammy. Mzee Mingiedi alikufa mwaka 2015. Nauliza: kama siku ya kwanza mtu angemnyang'anya sumaku zile na kusema, «Unaharibu likembe ya bankambo», tungepata nini?

Na si yeye peke yake. Katika Staff Benda Bilili wa Kinshasa, kijana Roger Landu alipiga chombo cha uzi mmoja alichokifanya kwa kopo la bati, akakiita satonge, na sahani yao ya mwaka 2009 ilisikiwa mbali. Kikundi cha Fulu Miziki, jina lao kwa Kilingala ni muziki wa takataka, wanafanya vyombo vyao kwa vitu vilivyotupwa. Na karibu na sisi, ng'ambo ya Ziwa Mweru katika Luapula ya Zambia, kuna muziki unaoitwa kalindula. Jina lile ni la gita nene la kujifanyizia kwa mikono. Wazee wetu hapa Marungu wanakumbuka mabanjo ya debe la mafuta. Hakuna aliyewaambia kwamba wameharibu debe.

Sasa tusikilize wenye kukataa, maana hawasemi upuzi wote.

Wa kwanza wanasema: «Aliuliza nani?» Hapo wana haki. Kinanda hakikuwa chake. Hata kitu kilichokufa kina mwenyewe. Ingefaa aende kwa mwalimu wa watoto, aseme: «Mwalimu, kinanda hiki hakilii, naomba nikijaribu.» Hilo ni kosa lake, na sitalifunika. Lakini kosa la kuchukua bila ruhusa na kazi ya kufungua ni mambo mawili. Mtu akichukua jembe la jirani bila kuuliza na kulima vizuri, tumlaumu kwa jembe, tusimlaumu kwa kulima.

Wa pili wanasema: «Hiyo si muziki, ni kelele.» Labda. Mimi pia sauti zile hazikunifurahisha zote. Lakini wakati gita la umeme lilipoingia katika makorali, watu walisema hivyohivyo, na leo korali isiyo na gita inaona haya. Tena, wanaotaka kujua kama kazi ya fundi na kazi ya mwimbaji vinapatana wasome Mwanzo sura ya 4. Yubali, baba ya wapiga vinubi, na Tubal-Kaini, mfua shaba na chuma, ni watoto wa Lameki. Mama zao ni mbalimbali, baba ni mmoja. Sisemi tupeleke sauti ya ng'ombe mgonjwa katika ibada Siku ya Mungu. Kila sauti iko na mahali pake. Nasema tu kwamba nyundo na kinubi zilianza kuwa jirani zamani sana.

Wa tatu wanasema: «Anapoteza saa, Egzameni ya Serikali inakuja.» Hawa ndio ninaotaka kuwajibu kwa nguvu. Sisi wa mwaka wa tano tumejifunza sheria ya Ohm ubaoni. Tunaweza kuiandika hata usiku bila taa. Lakini mtu akituwekea resistensi mkononi, wangapi kati yetu wataitambua? Ndugu yetu wa mwaka wa nne anaitambua. Nilimwuliza kwa nini sauti ilishuka, akanieleza vizuri kupita kitabu, kwa sababu alikuwa ameisikia kwa masikio yake. Je, hayo si masomo?

Wa nne wanasema kuna hatari. Ni kweli, na hapa naomba wadogo wetu wasome mara mbili. Kinanda cha mawe manne ya redio kina volti 6 tu, hakiui mtu. Lakini kitu chochote kinachokula umeme wa ukutani ao wa jeneratere, usikifungue. Televizyo ya zamani inaweza kukupiga hata kama imezimwa, kwa sababu ndani yake umeme unabaki. Batri ya gari na ya panno za jua, nyaya zake zikikutana, zinawaka moto. Anayefungua hivyo bila fundi mkubwa anajitafutia kifo. Kwa sababu ya hatari hiyo, ni vizuri zaidi kazi hii ifanywe mchana mbele ya mwalimu, kuliko usiku chini ya blanketi.

Wandugu, sasa nifike penye shida yangu mwenyewe. Jumamosi ile nami nilicheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wengine. Na msimamizi alipouliza, «Nani alikupa bisibisi?», ndugu yetu alitazama chini, akasema aliiokota. Hakuiokota. Bisibisi ni yangu, ilitoka katika sanduku langu, na nilijua anaitakia nini. Nilinyamaza. Tangu siku ile tunakula meza moja naye, hajaniambia neno la kunilaumu, na chakula hakinipendezi. Kwa hiyo baraza la walimu likikaa, lijue kwamba wenye kosa la kutoomba ruhusa ni wawili. Kama ni azabu, tuigawanye. Nitakwenda mwenyewe kwa prefe kabla gazeti hili halijatoka katika mashini, ili mtu asiseme kwamba nilijificha nyuma ya karatasi.

Baada ya hayo naomba mambo matatu kwa heshima.

La kwanza, kinanda kirudishwe kwa watoto, na ndugu yetu akae mbele yao awaonyeshe. Kila waya alioutia unaweza kuondolewa, na kinanda kitaimba tena kama zamani. Watoto wachague wenyewe wanakitaka namna gani. Nafikiri najua watakavyochagua, lakini tuwaachie.

La pili, kuwe sanduku moja katika darasa la fizike. Kila mtu mwenye redio iliyokufa, simu iliyovunjika ao kitu cha mtoto kisicholia, akilete, na jina lake liandikwe kwamba amekitoa kwa mapenzi yake. Vitu hivi vinatoka mbali. Vingi vinapita Kigoma na kuvuka ziwa mpaka Kalemie na Moba, vinapanda mlima hadi kwetu, vinalia miezi miwili, halafu vinatupwa mtoni. Afazali vitufundishe kitu kabla ya kuoza, maana plastiki haiozi.

La tatu, Jumatano mchana tupewe saa moja, pamoja na mwalimu, na fundi wa maredio wa sokoni akikubali kuja. Mawe ya redio tu, hakuna umeme mwingine. Kila mwanafunzi awe na daftari, aandike: niligusa wapi, nikasikia nini, kwa sababu gani. Asiyeandika asipewe bisibisi.

Anayefikiri vingine aandike katika gazeti lijalo, tutamsoma kwa mapenzi. Lakini asiseme tu «ni kelele» na kwenda zake. Aeleze kwa nini kelele ya mashini ya mahindi tunaivumilia kila siku, na hii ya kinanda kidogo imetukasirisha hivi.

Ni mimi, wa mwaka wa tano, mwenye bisibisi.